Saa 8,747: Barua ya wazi kwa mnaosimamia huduma za afya ya akili

Waheshimiwa wakuu wa hospitali, wasimamizi wa kliniki, na ninyi mnaoshika kalamu ya bajeti ya afya,

Mimi ni mhasibu. Nalisema hilo mapema ili msishangae barua ya mgonjwa ikianza na hesabu.

Mwaka una saa 8,760. Katika mwaka wangu mbaya kupita yote nilikuwa nikionana na mwanasaikolojia kila baada ya wiki tatu, kwa dakika 45. Nilikwenda mara 17. Sikukosa hata mara moja, maana kukosa miadi kungenilazimu kupiga simu, na simu nilikuwa naiogopa kuliko kutoka nje. Zidisha: dakika 765. Hazifiki saa 13, lakini tuseme ni 13. Zinazobaki ni saa 8,747, na hizo nilikuwa nazo peke yangu.

Mwanasaikolojia wangu hana kosa. Ni mtu makini, ana subira, na baadhi ya maneno yake ninayo hadi leo. Daktari aliyeniandikia dawa naye hana kosa. Dawa zilifanya kazi, polepole, kama alivyonieleza. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila wanane duniani anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba serikali kwa wastani hutenga kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili yao. Ukiziweka takwimu hizo kwenye jedwali, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhasibu ataona kuwa mimi wa saa 13 nilikuwa tajiri. Wako wasiopata hata moja.

Ila barua hii inahusu zile 8,747.

Ilikuwa miadi yangu ya nne. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wa daktari, fomu mkononi, nikijilamba midomo kila baada ya sekunde chache. Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu, ambaye hatukuwa tumesalimiana, akaniuliza bila kunitazama: "Dawa zinakukausha kinywa, eh?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema yeye zilimtesa hivyo miezi miwili, kisha zikapungua, na kwamba dawa ya kinywa ni maji kidogo kidogo, si kubugia. Akanyamaza. Halafu akaniuliza: "Na asubuhi? Asubuhi ndiyo kazi, sivyo, mdogo wangu?"

Sijui nitawaelezaje uzito wa swali hilo. Daktari alikuwa ameniuliza kuhusu usingizi. Aliniuliza kuhusu hamu ya kula, kuhusu kazi, kuhusu mawazo ya kutaka kufa, akajaza majibu yangu kwenye fomu, na alikuwa sahihi kuyauliza. Mzee yule aliuliza kuhusu kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu yeyote: kwamba kuanzia saa kumi alfajiri hadi jua lipande, nilikuwa nalala macho wazi nikiwa nimekandamizwa na kitu kisicho na jina, na kwamba ikifika jioni kilikuwa kinaniachia kidogo, kiasi kwamba watu wa nyumbani walianza kudhani nakwepa kazi. Madaktari wanaijua hali hiyo, imeandikwa vitabuni, sonona ya namna fulani huwa kali zaidi asubuhi. Lakini mzee hakuitoa kitabuni. Akaniambia yeye alijifunza kutofanya uamuzi wowote kabla ya saa nne asubuhi. "Hata wa kuvaa shati gani. Naliandaa usiku." Kisha nesi akaita jina lake, akaingia ndani, na sikumwona tena.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mzee yule alikuwa maiti aliyetoka kaburini akarudi kunihadithia, na yale mazungumzo ya dakika nne hivi yalinisaidia kwa wiki tatu zilizofuata kuliko kitu kingine chochote. Shati nilianza kuliandaa usiku siku ileile.

Ilikuwa bahati. Kama ningekaa upande wa pili wa benchi nisingeipata. Katika hospitali ile kila kitu kingine kilikuwa na utaratibu: kadi, faili, dirisha la malipo, dirisha la dawa, hata mahali pa kuegesha baiskeli. Kukutana na mtu aliyepitia ninayoyapitia hakukuwa na utaratibu wowote. Ninachowaombeni, waheshimiwa, ni hicho.

Ilinichukua miezi minane mingine kukipata kikundi cha watu waliopitia hali kama yangu. Hakuna aliyenielekeza kutoka kliniki. Nilisikia kwa shemeji yangu, ambaye alisikia kwa mtu wa kazini kwake, ambaye alikitaja kwa kunong'ona kana kwamba anauza kitu cha magendo. Siku ya kwanza nilifika mlangoni nikageuka. Siku ya pili vilevile. Wiki ya tatu mama mmoja alikuwa amesimama nje, akaniona, akasema tu, "Karibu, viti vya nyuma viko karibu na mlango." Baadaye niligundua husimama pale kila wiki kwa kazi hiyo moja, kwa sababu naye aligeuka mara tano kabla ya kuingia.

Naomba nikae hapa kidogo, maana nadhani wengi wenu hamjawahi kuingia kwenye chumba kama kile, na mnapokisikia mnawaza watu waliokaa duara wakilia. Kulia kupo. Lakini mengi ni mambo madogo ya kiutendaji. Tunakutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, watu tisa, pengine kumi na mmoja. Anayetaka kusema anasema, asiyetaka hasemi. Kuna kijana aliyekaa kimya wiki sita mfululizo na hakuna aliyemsukuma. Hatupeani ushauri mpaka mtu auombe. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika, hasa kwa watu wa umri wangu, ambao tumezoea kumshauri mtu kabla hajamaliza sentensi. Linalosemwa chumbani linabaki chumbani. Na tuna desturi ya kuanza kwa kila mtu kutaja jambo moja aliloliweza wiki hiyo.

Wiki yangu ya kwanza dada mmoja, mwalimu, mtu nadhifu, alisema: "Nimeoga. Jumatano." Hakuna aliyecheka, wala aliyempigia makofi ya kumdhihaki, wala aliyemwambia hongera kwa ile sauti wanayoongelea watu na watoto. Mtu wa pembeni yake alisema tu, "Jumatano ni nzuri," na zamu ikaendelea. Mimi nilikuwa sijaoga siku nne na nilikuwa nimekuja na marashi mengi ya kuficha. Nilipofikiwa nikasema, "Mimi bado." Ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima kusema ukweli hadharani, na dari halikuanguka.

Kuna jambo lingine ambalo hamtaliona kwenye dodoso lolote. Katika dakika 45 za miadi, mimi ndiye nasaidiwa, siku zote. Natoka nimesaidiwa, na pia nimejiona mdogo kidogo. Kwenye kikundi, mwezi wa tatu, aliingia mgeni aliyekuwa akijilamba midomo. Nikamuuliza kuhusu dawa, nikamwambia habari ya maji kidogo kidogo. Uso wake ulibadilika, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa na kitu nilichokuwa nimekipoteza muda mrefu, kwamba kuna mtu ana nafuu kwa sababu mimi nimeishi. Mateso yangu yote ya mwaka ule yalikuwa ni hasara tupu katika vitabu vyangu. Usiku ule kwa mara ya kwanza niliyahamishia upande wa mali.

Wataalamu huuita huu "msaada rika". Neno rika linanisumbua kidogo, mtanisamehe. Rika ni watu wa umri mmoja, waliokua pamoja. Kwenye kikundi chetu kuna bibi wa miaka 70 na kijana wa miaka 22, na siku bibi alipoanza kuogopa kutoka nje, aliyemvusha ni kijana, maana yeye hofu hiyo alikwisha kuipitia. Kinachotuunganisha ni kaburi tulilolala, umri hauhusiki. Lakini liiteni mtakavyo, mradi liwepo.

Najua kinachowatia wasiwasi, kwa hiyo niseme tusichokifanya. Hatuandiki dawa na hatusitishi dawa. Mtu akija akisema anataka kuacha dawa zake, wale waliowahi kuziacha ghafla wanasimulia kilichowapata, kisha tunamuuliza miadi yake ni lini na kama angependa mtu amsindikize. Mara mbili nimemsindikiza mtu hadi kwa daktari wake kwenda kusema jambo ambalo peke yake alishindwa kulisema: kwamba dawa ile ilikuwa imemnyang'anya tendo la ndoa. Daktari alibadilisha dozi kwa dakika tano. Mgonjwa alikuwa amekaa na siri hiyo mwaka mzima na alikuwa karibu kutupa vidonge vyote chooni.

Na mtu akisema anataka kujiua? Hapo tunamuuliza moja kwa moja, kwa neno lenyewe. Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza kunapanda wazo. Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba sivyo. Tunakaa naye, hatumwachi peke yake, tunaangalia pamoja naye nani awe karibu usiku huo na ni kitu gani kiondolewe nyumbani, na tunamfikisha kwenye huduma ya dharura ikibidi. Tofauti ni kwamba anapolisema kwetu, hakuna anayeshtuka na kuanza kutafuta fomu. Karibu nusu ya chumba tumewahi kulifikiria. Tunajua pia kwamba linapita, na tunaposema hivyo anatuamini, maana ushahidi umekaa mbele yake unapumua.

Haya si mambo mapya, na nitapita haraka maana historia mnaweza kuisoma wenyewe. Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 18, Jean-Baptiste Pussin aliyesimamia wadi ya wagonjwa wa akili katika hospitali ya Bicêtre aliajiri wahudumu kutoka miongoni mwa wagonjwa waliopona, na daktari Philippe Pinel, aliyefika pale mwaka 1793, alisifu upole wao. Walevi wa Akron, Marekani, walianza kushikana mikono ili waache pombe mwaka 1935. Chicago mwaka 1937, Sydney mwaka 1957, vikundi vya waliotoka hospitali za akili vikaanza kukutana.

Kisa kimoja tu nitakisimulia, kwa sababu kinamhusu mtu wa upande wenu. Huko Uholanzi katika miaka ya 1980, daktari wa magonjwa ya akili Marius Romme alikuwa na mgonjwa aliyesikia sauti, Patsy Hage. Dawa hazikuziondoa sauti zile, na Hage alimbana daktari wake azichukulie kwa uzito kama yeye anavyozichukulia. Romme akamkutanisha na watu wengine wanaosikia sauti, akakaa pembeni kuwasikiliza, akaona jinsi walivyoelewana upesi juu ya mambo ambayo yeye na usomi wake wote alikuwa hajayafikia. Mwaka 1987 wakaenda kwenye televisheni kuwaomba watu wenye uzoefu huo wajitokeze. Mamia walipiga simu, na baadhi yao walikuwa wanaishi na sauti zao na kuzimudu. Leo vikundi vya wasikiao sauti vipo katika nchi nyingi. Mimi ninachokipenda katika kisa hiki ni kile kiti cha pembeni. Bingwa mzima alikubali kuwa msikilizaji katika chumba chake mwenyewe. Je, ni wangapi kati yenu mnaweza?

Mtaniuliza kuhusu ushahidi, na mna haki. Nimeusoma kama ninavyosoma hesabu za watu, nikitafuta mahali palipopambwa. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lililohusisha watu 441 waliokuwa wametoka kwenye huduma ya dharura ya afya ya akili. Waliopewa mtu aliyepitia hali hiyo, wakakutana naye hadi mara kumi huku wakijaza naye daftari la kupanga namna ya kujitunza, asilimia 29 walirudi tena kwenye huduma ya dharura ndani ya mwaka mmoja. Waliopewa daftari peke yake, lililotumwa kwa posta, walirudi asilimia 38. Soma tena hapo: daftari lilikuwa lilelile. Kilichozidi ni mtu.

Lakini sitawaficha upande wa pili wa leja. Jaribio jingine la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha watu 590 waliotoka wadini, halikuona tofauti ya maana katika idadi ya waliolazwa tena. Kwa hiyo anayewaahidi kwamba sisi tutawapunguzia vitanda anawauzia mbuzi kwenye gunia. Mapitio ya tafiti hizi kwa ujumla yanaonyesha manufaa zaidi kwenye matumaini, na kwenye hali ya mtu kujiona ana sauti katika maisha yake. Kama hayo hayana safu kwenye jedwali lenu, ongezeni safu.

Zaidi ya ushahidi kuna haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unawahesabu pia wenye matatizo ya akili ya muda mrefu, na Ibara yake ya 26 inazitaka nchi wanachama kuchukua hatua za kuwawezesha watu hao kujitegemea, ikitaja waziwazi msaada wa watu wenye hali kama yao. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima juu ya jambo hili, na miongoni mwa mifano yake ni kikundi cha Nairobi kinachoendeshwa na wanachama wenyewe. Jimbo la Georgia, Marekani, lilianza kulipia kazi hii kupitia bima ya umma mwaka 1999. Kwa hiyo jibu la kwamba hamjui pa kuanzia lilikwisha muda wake siku nyingi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniogopesha, ambalo ni ninyi kukubali.

Mwenzetu mmoja, dada ambaye sitamtaja, aliajiriwa na kituo kimoja cha afya ya akili, ambacho nacho sitakitaja. Walimpa kitambulisho na cheo kizuri. Mkataba hawakumpa, walimpa posho, na posho yenyewe ilitoka miezi miwili kati ya minne. Kazi ilikuwa kubeba mafaili. Alipoanza kuongea na wagonjwa juu ya yaliyomkuta yeye mwenyewe, aliitwa pembeni akaambiwa si utaratibu wa kitaalamu. Wakampangia wadi ileile aliyowahi kufungwa mikono kitandani. Mgonjwa akikataa sindano, anatumwa yeye akambembeleze, kwa kuwa "wewe wanakuamini". Fikirieni hilo. Imani aliyoipata kwa kulala kwenye kitanda kilekile ikageuzwa kuwa chambo. Hakukuwa na mwenzake hata mmoja wa kumweleza, alikuwa peke yake kati ya watumishi arobaini. Mwezi wa nne aliugua tena, na mkuu wa kitengo akasema: "Tulijua."

Hawakujua chochote. Nesi mwenye kisukari akizidiwa kazini hamsemi mlijua.

Yule dada amerudi kwenye kikundi. Wiki sita zilizopita kwenye zamu yake alisema, "Nimepita mbele ya lile geti." Mtu wa pembeni yake akamuuliza, "Upande gani wa barabara?" Akajibu, "Uleule." Wenye kuelewa walielewa.

Kwa hiyo nikiomba, naomba kwa masharti, na masharti ndiyo ombi lenyewe. Mkituajiri, ajirini angalau wawili mahali pamoja, kwa mkataba na mshahara unaotajwa kwenye bajeti, si kwenye fungu la mengineyo. Anayetusimamia awe ni mtu aliyewahi kuifanya kazi hii. Mafunzo tunayataka, ya mipaka, ya siri, ya nini kifanyike mtu akiwa hatarini, lakini msitufundishe hadi tukafanana na ninyi. Wa namna yenu mnao tayari. Msitutumie kumshawishi mtu akubali matibabu asiyoyataka. Tukiugua, tupeni likizo ya ugonjwa kama wengine.

Na vikundi vilivyoko nje, ambavyo haviko chini yenu, viacheni viwe nje. Havihitaji usimamizi wenu. Vinahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, jioni na mwisho wa wiki, saa ambazo ofisi zenu ziko tupu hata hivyo. Msituombe orodha ya waliohudhuria. Nalirudia hilo kwa sababu kuna mahali tulipewa chumba, ikapita miezi miwili, ikaja karatasi ya kusaini majina na namba za simu "kwa ajili ya ripoti". Wiki iliyofuata tulikuja wanne. Mkitaka idadi, nitawahesabia mimi mwenyewe, na hesabu zangu hazijawahi kukataliwa na mkaguzi. Majina hapana.

Jingine halina gharama kabisa: semeni kwamba tupo. Mtu anapopewa dawa kwa mara ya kwanza, anapoandikiwa ruhusa ya kutoka wadini, anapoambiwa miadi yake ni baada ya wiki sita kwa kuwa daftari limejaa, aambiwe hapohapo kwamba kuna watu waliopitia haya, wanakutana siku fulani, na kama anapenda mmoja wao anaweza kumpigia. Kama anapenda. Wako ambao hawatapenda, na wako ambao kikundi kitawazidishia mzigo. Nimewaona. Kuna usiku chumba kizima kinazama, mtu mmoja anasimulia jambo zito kisha wa pili na wa tatu, na sote tunarudi nyumbani tukiwa tumeelemewa. Siku hizo huwa tunapigiana simu kabla ya kulala. Wengine huhitaji mtu mmoja badala ya duara, wengine huhitaji simu kwa kuwa wana watoto wachanga au miguu haitembei, na viziwi wanahitaji wenzao wanaozungumza lugha ya alama. Haya yanapangika.

Mwisho, mnapokaa kupanga, tuwepo mezani wakati karatasi bado ni nyeupe. Nimewahi kualikwa kutoa maoni juu ya mpango ambao ulikwisha kuchapwa kwa rangi na kupigwa lamineti. Nilitoa maoni. Walinipa chupa ya maji.

Tangu mwaka jana, kila Jumanne asubuhi ninapopata ruhusa kazini, nakwenda kukaa kwenye lile benchi nje ya mlango wa daktari. Siuzi kitu wala sihubiri. Nakaa, na nikimwona mtu anajilamba midomo, namuuliza kuhusu maji. Siku nyingine hakuna ninayemsemesha kabisa. Siku moja nilizungumza na baba mmoja saa nzima kuhusu mwanawe. Mara mbili mlinzi ameniuliza namsubiri nani, na mara ya pili aliniomba kwa heshima nitoke kwa kuwa benchi ni la wagonjwa. Nilimwonyesha kadi yangu ya kliniki. Mimi bado ni mgonjwa wenu, miadi ijayo ni tarehe 19.

Jumanne ijayo nitakuwa pale tena kuanzia saa mbili na nusu. Mkiweza kumpa mlinzi karatasi yenye muhuri wenu inayosema huyu mtu aachwe akae, nitashukuru. Na kama kuna yeyote kati yenu angependa kuja kukaa, benchi ni refu, na upande wa ukutani huwa na nafasi.

Wenu,
Mhasibu wa benchi